Mtu Aliyepanda Miti: Uhakiki wa Filamu ya Frédéric Back

Wengi wetu tusikiapo neno katuni hukumbuka mara moja panya wenye glavu, bata wenye hasira, na paka wasiokufa hata wakiangukiwa na jabali. Kwa sababu hiyo filamu ya michoro imedharauliwa, ikahesabiwa kuwa kitu cha kuwatulizia watoto wakati mama anapopika. Hukumu hiyo si ya haki. Chungu kile kile chaweza kupikiwa uji wa mtoto au dawa ya mgonjwa, wala hapana mtu alaumuye chungu. Filamu ya michoro nayo ni chombo, na thamani yake hutegemea kilichotiwa ndani na mkono uliokitia.

Katika insha hii nataka tuitazame filamu moja fupi, ya dakika 30, iliyotolewa nchini Kanada mwaka 1987 kwa jina la Kifaransa L'homme qui plantait des arbres, yaani Mtu Aliyepanda Miti. Aliyeichora ni Frédéric Back, na aliyetunga hadithi yake ni Jean Giono, mwandishi wa Ufaransa. Filamu hii ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1988, lakini tuzo peke yake haitoshi kuthibitisha ubora, maana kazi nyingi zilizotuzwa zimekwisha sahaulika. Nitajaribu kuonyesha kwamba ubora wa kazi hii watoka katika jambo moja: habari inayosimuliwa na namna ilivyotengenezwa vyapatana kabisa, hata mtazamaji huona subira ya mpanda miti katika mistari ya mchoraji.

Tuanze na kisa, kwa maana asiyejua kisa hawezi kupima uchoraji wake. Mwaka 1913 kijana mmoja asafiri kwa miguu katika nyanda za juu za Provence, kusini-mashariki mwa Ufaransa. Nchi ni kavu, haioti kitu ila lavenda ya mwitu. Afika penye kijiji kilichohamwa. Nyumba hazina mapaa, kisima kimekauka, na upepo wavuma kwa ukali katika magofu. Akiwa na kiu kali amwona kwa mbali mchungaji mwenye kondoo wapatao 30. Mchungaji ampa maji, kisha amkaribisha nyumbani kwake alale. Jina lake ni Elzéard Bouffier, na umri wake ni miaka 55. Amefiwa na mwanawe wa pekee, kisha na mkewe, akaja kuishi upwekeni. Alipoona kwamba nchi ile inakufa kwa kukosa miti, na yeye hana kazi kubwa ya kumshughulisha, aliazimia kuiponya.

Usiku mzee huyu huchagua mbegu za mwaloni mezani. Asubuhi hutoka na fimbo ya chuma, hutoboa ardhi, hutia mbegu moja katika kila tundu, akafukia. Kwa miaka mitatu amekwisha panda mbegu 100,000. Katika hizo 20,000 zimeota, naye ajua kwamba nusu ya hizo zitapotea kwa wanyama wagugunao na kwa mambo yasiyotabirika. Itabaki mialoni 10,000 mahali ambapo hapakuwa na mti hata mmoja. Vita ya mwaka 1914 yaja, na kijana yule apelekwa jeshini kwa miaka mitano. Arudipo mwaka 1920, aikuta mialoni imempita kimo. Mzee hakushughulishwa na vita, aliendelea kupanda. Miaka yapita, msitu waenea, maji yarudi katika vijito, na watu wahamia tena katika vijiji vilivyokuwa magofu. Mwaka 1947 mzee afa kwa amani katika nyumba ya kutunzia wazee, katika mji mdogo wa Banon.

Hicho ndicho kisa. Lakini msomaji ajue kwamba Elzéard Bouffier hakuwahi kuishi duniani. Giono alizaliwa mwaka 1895 katika mji wa Manosque, huko huko Provence, akiwa mtoto wa fundi wa viatu. Alipigana katika Vita Kuu ya Kwanza, akayaona mauaji ya Verdun, akatoka humo akiichukia vita maisha yake yote. Mwaka 1953 gazeti moja la Marekani lilimtaka aandike habari za mtu wa kweli aliyemstaajabisha kuliko wote aliopata kukutana nao. Giono akampelekea habari za mchungaji huyu. Wenye gazeti walipochunguza waligundua kwamba hapana mtu wa jina hilo aliyekufa Banon, nao wakaikataa hadithi. Gazeti jingine, Vogue, likaichapa mwaka 1954, na kutoka hapo ikaenea katika lugha nyingi. Baadaye, mwaka 1957, Giono alimwandikia ofisa mmoja wa misitu akamweleza waziwazi kwamba mtu huyo amemtunga, na kwamba shabaha yake ilikuwa kuwafanya watu wapende miti, na hasa wapende kuipanda.

Basi hapa pana swali zito, na sitaki tulipite upesi. Ikiwa mtu huyu hakuwako, na msitu huo haukuwako, je, hadithi yatufundisha nini? Mtu akikuambia kwamba dawa fulani ilimponya jirani yake, kisha ukagundua kwamba hana jirani, utainywa dawa hiyo? Swali hili nitalirudia mwishoni, baada ya kumtazama mchoraji, kwa sababu naamini kwamba sehemu ya jibu imo mikononi mwake.

Frédéric Back alizaliwa tarehe 8 Aprili 1924 katika jimbo la Saar, mpakani mwa Ujerumani na Ufaransa. Alijifunza uchoraji Ufaransa, katika chuo cha sanaa cha Rennes, chini ya mchoraji Mathurin Méheut, aliyewahimiza wanafunzi wake kuwatazama kwa makini wanyama, mimea na watu wafanyao kazi. Mwaka 1948 alihamia Kanada, akakaa Montreal na kufundisha sanaa. Televisheni ilipoanza nchini humo mwaka 1952, aliingia katika shirika la utangazaji la Radio-Canada akawa mchoraji wa vipindi. Mwaka 1968 akajiunga na idara ya filamu za michoro iliyoongozwa na Hubert Tison. Huko alitengeneza filamu fupi moja baada ya nyingine, na mojawapo, iitwayo Crac!, ilimpa tuzo ya kwanza ya Oscar mwaka 1982. Alifariki mwezi wa Desemba 2013 mjini Montreal, akiwa na umri wa miaka 89.

Ili kuelewa ukubwa wa kazi yake, yatupasa kujua kidogo jinsi filamu ya namna hii inavyofanywa. Katika sinema, picha 24 hupita mbele ya macho katika kila sekunde. Macho hayawezi kuzitenganisha, kwa hiyo huona mwendo. Dakika 30 ni sekunde 1,800, na hesabu yake ni picha 43,200. Si kila picha huhitaji mchoro mpya, maana mchoro mmoja waweza kupigwa picha mara mbili au zaidi. Hata hivyo filamu hii ilihitaji michoro ipatayo 20,000. Katika viwanda vikubwa vya katuni kazi kama hiyo hugawanywa kwa makumi au mamia ya watu: huyu achora sura, yule apaka rangi, mwingine achora mandhari. Back alichora sehemu kubwa kabisa kwa mkono wake mwenyewe, akisaidiwa na Lina Gagnon. Kazi iliwachukua miaka mitano hivi.

Hakutumia wino na rangi laini za viwandani. Alichora kwa kalamu za rangi juu ya vipande vya plastiki visivyong'aa, vyenye uso wa kukwaruza kidogo kama kioo kilichosagwa. Uso huo hushika chembe za rangi kama karatasi ishikavyo chaki, na ndio maana katika filamu tunaona mikwaruzo ya kalamu yenyewe. Kazi hii ilikuwa na hatari yake. Katika miaka ya kutengeneza filamu zake, dawa ya kupulizia michoro ili rangi isifutike ilimdhuru Back, akapoteza uwezo wa kuona kwa jicho moja. Akaendelea kuchora kwa jicho lililobaki.

Sasa tutazame picha zenyewe. Mwanzoni rangi ni chache: kahawia, kijivu, na weupe wa vumbi. Mistari ni membamba na haitulii. Yatetemeka kana kwamba upepo wa Provence wapuliza hata juu ya karatasi. Hapo mtazamaji asiye na subira aweza kulalamika kwamba filamu haina rangi. Angoje kidogo. Kadiri miti inavyokua, rangi huingia pole pole, kwanza kijani hafifu, kisha manjano, buluu ya maji na wekundu wa nguo za watu. Hapana mahali ambapo waweza kusema kwamba rangi imeanza hapa. Mwishoni picha zimejaa nuru, hata zafanana na kazi za wachoraji wa Ufaransa wa karne ya 19 waliopenda kuchora bustani na watu wakistarehe kando ya maji. Tukiambiwa kwamba nchi imebadilika bila watu kutambua lini, twaamini, kwa kuwa macho yetu yametendewa jambo hilo hilo.

Jambo la pili ni namna picha moja inavyozaa nyingine. Katika sinema nyingi tendo moja hukatwa na jingine huanza. Back hupenda kuyeyusha. Kilima chaweza kugeuka kuwa bega la mtu, wingu likawa kundi la kondoo. Kwa njia hiyo nchi na watu huonekana kuwa mwili mmoja, ambao sehemu yake moja ikiumwa nyingine zote hudhoofika. Hoja hii haielezwi kwa maneno mahali popote. Imo katika mistari tu, na mtazamaji huipokea kabla hajaifikiri.

Lakini tendo lililo bora kuliko yote, kwa maoni yangu, ni lile la kuchagua mbegu. Mzee aleta mfuko, amwaga mbegu za mwaloni mezani, azichungua moja moja. Mgeni ajitolea kumsaidia. Mzee akataa, asema hiyo ni kazi yake. Azitenga zilizo nzuri kumi kumi, na katika hizo aondoa zilizo ndogo au zenye ufa. Akipata mbegu 100 kamili, aenda kulala. Hapana kinachotokea zaidi ya hapo. Mtengenezaji wa kawaida angalilipunguza tendo hili, akichelea kuwachosha watazamaji. Back alilipa muda wake, kwa kuwa alijua kwamba humo ndimo tabia ya mtu ilimo. Tukumbuke tena kwamba aliyekuwa akizichora mbegu hizo aliinama mezani miaka mitano, akichagua mchoro baada ya mchoro, akitupa usiofaa. Haba na haba hujaza kibaba. Wengi husema methali hii. Back aliitenda, na ushahidi wake upo mbele yetu.

Sauti nayo yastahili kutajwa. Watu waliomo katika filamu hawasemi. Msimulizi mmoja husimulia yote, Philippe Noiret kwa Kifaransa na Christopher Plummer kwa Kiingereza. Wote wawili walikuwa waigizaji mashuhuri, na wote walijizuia. Husimulia kama mtu mzima akumbukaye jambo aliloliheshimu, bila kupaza sauti wala kulia. Muziki wa Normand Roger hujitokeza pale tu msimulizi anaponyamaza au anapohitaji mwenzi. Kiasi hicho ni adabu ambayo filamu nyingi hazina.

Mhakiki asiyetaja kasoro huwa amekuwa mpiga debe, kwa hiyo nitazitaja mbili. Ya kwanza ni wingi wa maneno. Back aliifuata hadithi ya Giono kwa uaminifu mkubwa mno, na mara nyingine msimulizi hutuambia kile ambacho mchoro umekwisha kutuonyesha vema zaidi. Katika filamu yake ya Crac! hapakuwa na msimulizi kabisa, na habari za kiti cha kubembea na jamaa zilieleweka kwa picha na muziki tu. Yaonyesha kwamba Back aliweza kuziacha picha ziseme zenyewe. Hapa aliiheshimu kalamu ya mwandishi kupita kiasi.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Filamu yatufanya tuamini kwamba nchi yaweza kuokolewa na mtu mmoja asiyesema na mtu. Mzee hamwombi yeyote ruhusa, hafundishi kijana hata mmoja, wala hapana mwanamke anayeshika fimbo ya kupandia. Wanakijiji waja mwishoni kufurahia kivuli wasichokipanda, na wala hawajui jina la aliyewapandia. Ni picha nzuri ya unyenyekevu, lakini ni mwongozo mbaya wa kazi. Sisi wa Kenya tuna mfano wa kulinganisha, tena wa kweli. Mwaka 1977, miaka kumi kabla ya filamu hii kutoka, Wangari Maathai alianzisha shughuli iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Wanawake wa vijijini walikusanya mbegu, wakaotesha miche katika vitalu vyao, wakaipanda pamoja, wakalipwa kiasi kidogo kwa kila mche uliokua. Kazi yao ilikuwa na mikutano, na daftari, na mabishano. Hata polisi na virungu iliviona. Mwaka 2004 Maathai alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Miti ya wanawake hao ilihesabiwa kwa mamilioni, na siri yake ilikuwa watu kupatana. Mtazamaji wa filamu ya Back ajifunze subira kwa mzee Bouffier, lakini ajifunze ushirikiano kwingine.

Sasa turudi kwenye swali la ukweli. Je, uzushi wa Giono wabatilisha mafunzo yake? Nasema kwanza kwamba Giono alikosa kwa wenye gazeti, maana walimtaka mtu wa kweli naye akawapa wa kubuni bila kuwaambia. Uungwana wadai tuseme hivyo. Hadithi yenyewe, hata hivyo, si hati ya mahakama. Ngano za sungura na fisi hatuziulizi kama zilitokea. Twaziuliza kama tabia zinazosimuliwa humo zapatikana katika watu. Swali la haki juu ya Bouffier ni hili: je, mwanadamu aweza kufanya kazi ndogo, ile ile, kila siku, kwa miaka mingi, bila kusifiwa, kwa ajili ya watu asiowajua?

Giono alijibu kwa maneno, na maneno ni rahisi. Back alijibu kwa mwili wake. Kila mtazamaji aweza kuihesabu kazi yake, mchoro kwa mchoro, na kujua kwamba palikuwa na mtu halisi mezani, mwenye jicho moja lizima, aliyefanya jambo alilokuwa akilichora. Naye hakuishia kwenye karatasi. Alipanda miti mingi kwa mikono yake katika ardhi yake huko Quebec, na filamu yake iliwatia wengi hamu ya kupanda. Hivyo mtu wa kubuni alipata shahidi wa kweli, miaka 34 baada ya kubuniwa. Ndiyo sababu naiweka filamu hii juu ya hadithi iliyoizaa, ijapokuwa bila hadithi isingalikuwako.

Ukipata nafasi ya kuitazama, msomaji, usiitazame mara moja tu. Mara ya kwanza fuata kisa. Mara ya pili ziba masikio, utazame rangi zinavyoingia na mistari inavyopumua. Kisha chukua kalamu, chora jani moja la mti ulio mlangoni pako, ulichore tena mara ishirini na nne likitikisika kwa upepo. Utakuwa umetengeneza sekunde moja. Hapo utajua bei ya zile sekunde 1,800, wala hutalitamka tena neno katuni kwa dharau.